Mshahara wa Kunyamaza

Yule kijana alikuwa amevaa tai nyekundu, na kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kunitia shaka. Joto la Kilwa Masoko mwezi ule lilikuwa limemshinda hata mkuu wetu wa shule, aliyekuwa akishinda ofisini na vifungo viwili vya shati vikiwa wazi, lakini mgeni huyu alikuwa amejikaba koo kama anakwenda kufunga ndoa. Alitupa mkono mmoja mmoja. Kisha akaweka mezani rundo la vipeperushi vinavyong'aa, akasema ametoka Dar es Salaam, kwenye chuo kipya cha binafsi kinachotoa shahada ya uzamili ya ushauri nasaha kwa wanafunzi.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila mtu amekuwa mfanyabiashara. Tulishazoea kuona mtu anashuka basi na begi, anaingia ofisi ya walimu, anafungua. Tuliuziwa bima, tuliuziwa sufuria zisizoshika moto, tuliuziwa dawa ya kuongeza akili kwa watoto. Sasa tulikuwa tunauziwa masta.

Wenye digrii ya kwanza pale shuleni, ukimwondoa mkuu, tulikuwa wawili. Mimi nilifundisha Kiswahili. Mwenzangu alifundisha hesabu, kijana mpole kutoka uwanda wa Makonde, ambaye hakuwa amemaliza mwaka tangu aletwe kwetu. Alikuwa akiniita dada, nami nikimpelekea futari mwezi wa Ramadhani ingawa yeye ni Mkristo. Walimu wengine walipoona kipeperushi hakiwahusu, wakarudi kwenye madaftari yao. Tukabaki sisi wawili na yule mwenye tai.

Kwa upande wangu palikuwa na sababu ya kusikiliza. Mkuu alikuwa amenifanya mwalimu wa malezi, eti kwa kuwa ni mwanamke na nimefiwa na mume, kwa hiyo nina huruma. Sikufundishwa chochote wala kuongezewa chochote. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, na watoto walioletwa humo waliletwa kama wanavyopelekwa kuchapwa. Wakinyamaza, nawashauri. Wakisema, nawashauri zaidi. Walikuwa na hakika kwamba mimi ni sikio la mkuu, na hawakukosea: mara mbili nilimpelekea mkuu maneno niliyoambiwa mle ndani, na mara ya pili mtoto mmoja alisimamishwa shule.

"Wahitimu wetu hawarudi kwenye mishahara hii yenu," alisema mgeni. "Wanalipwa mara tatu."

"Na nani?" nikamuuliza.

"Miradi, mashirika, shule za binafsi. Soko ni kubwa, mwalimu."

"Nionyeshe mmoja."

Alisita kidogo tu. Akasema yupo mwanamke mmoja, mwalimu kama mimi, yuko Lindi mjini. Akaniandikia namba ya simu nyuma ya kipeperushi. "Nenda kaone nyumba anayokaa kwa macho yako," akasema. Mwenzangu wa hesabu hakuuliza kitu. Alikunja kipeperushi chake polepole, akakitia mfuko wa shati upande wa moyo.

Jumamosi nilikwenda Mitole kwa kaka yangu mkubwa. Nilimkuta anapepeta ufuta. Binti yake, darasa la nne, mtoto mwenye maneno kuliko redio, alininyang'anya kipeperushi akaanza kutusomea kwa sauti, akiyagonga yale maneno magumu bila kujali. Kaka alimsikiliza hadi mwisho.

"Nani amepima?" akauliza.

"Amepima nini, kaka?"

"Huo mshahara mara tatu. Nani amepima?"

Kaka alikuwa na haki ya kuuliza. Misimu miwili mfululizo wanunuzi walikuwa wamemfuata kabla ya mavuno na kile kibakuli chao cha kupimia wanachokiita kangomba, wakachukua korosho yake ingali mtini kwa bei waliyoitaja wenyewe, yeye akiwa na mgonjwa ndani na hana namna. Tangu hapo mtu akija na maneno matamu, kaka alimtazama mikono kwanza.

"Ada nitakusaidia," akasema. "Huu ufuta wote nautoa. Lakini nenda Lindi kwanza, ukakione hicho kibakuli chao."

Nikaenda. Nyumba ya yule mwanamke ilikuwa nzuri, sikatai. Sakafu ya vigae, makochi bado yamevaa nailoni za dukani, gari jeupe uani. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, mwenye pete mbili za dhahabu. Alinikaribisha kama ndugu. Lakini kila nikiuliza anafanya kazi wapi, alijibu anashirikiana na wengi. Nikiuliza wengi gani, aliniuliza nina watoto wangapi. Nikachungulia dirishani, nikaona magurudumu ya lile gari yamezama mchangani, na majani makavu yamejaa juu ya kioo chake.

Alipoingia jikoni kuandaa chai, nilitoka barazani kumsalimia mama yake, bibi kizee aliyekuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe mwalimu?"

"Ndiyo, bibi."

"Wa sita huyu tangu mfungo uishe," akasema, kama anayezungumza na ungo. "Wote mnakuja kuuliza mshahara wake."

"Kwani analipwaje, bibi?"

Bibi akaninyanyulia macho, akashangaa ujinga wangu. "Mshahara wake si ndio nyie?"

Nilirudi ndani nikakaa. Yule mwanamke alipokuja na sinia, alinitazama usoni, akajua.

"Mama kasema nini?"

"Kasema mshahara wako ni mimi."

Hakukasirika. Aliweka sinia chini, akamimina chai, akanisogezea mkate wa kumimina. Kisha akanieleza yote, tena kwa sauti tofauti kabisa na ile ya mwanzo. Alikuwa amesoma kweli, miaka miwili, kwa mkopo. Alirudi na cheti chake, akakipeleka kwa ofisa utumishi. Yule bwana alifungua kitabu cha ngazi za mishahara, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akasema humu hakuna mshauri wa wanafunzi, mama, humu kuna mwalimu. Akarudishwa darasani kwa mshahara uleule. Akatafuta kwenye mashirika. Walitaka uzoefu, walitaka Kiingereza cha puani, na walitaka mtu wanayemjua. Mwisho chuo chenyewe kikampigia simu: kila atakayejiandikisha kupitia kwake, atapata chake. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Gari lilikuwa la kaka yake, na injini ilishakufa.

"Sasa niambie, uongo wangu uko wapi?" aliniuliza. "Chuo kimesema wahitimu wake wanalipwa kuliko walimu. Ukijumlisha ninachopewa, mimi nakuzidi. Na mhitimu si mimi?"

Nikanywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

"Lakini masomo yenyewe ni ya kweli," akaendelea. "Usidhani nakuuzia. Mimi zamani mtoto akinieleza jambo, nilikuwa nina jibu kabla hajamaliza. Kule nilifundishwa kunyamaza. Ni kitu kigumu, dada yangu. Nilikaa na mtoto mmoja wa kidato cha tatu, vipindi vitatu hasemi, nami sisemi. Cha nne akasema. Nadhani angekufa na lile jambo."

Alikuwa na machozi. Nikayatazama yale machozi, na nikawaza kwamba huenda walimu watano walionitangulia waliyaona pia. Mpaka leo sijui. Aliponipa fomu, niliiacha chini ya kisahani, nikaaga.

Jumatatu asubuhi nilimvuta pembeni mwenzangu wa hesabu, nikamweleza kila kitu, tangu majani juu ya gari hadi kidole cha ofisa utumishi. Alinisikiliza akitazama viatu vyake.

"Nani amekutuma, dada?"

"Anitume nani? Nimekwenda mwenyewe, kwa nauli yangu."

"Nimeshalipa ya kujiandikisha," akasema. "Na nimesikia mkuu hataki tuondoke. Nimesikia kuna cheo anataka kukupa."

Nikacheka. Sikuwa nimesikia habari ya cheo chochote. Lakini wiki mbili baadaye mkuu aliniita, akanikabidhi barua ya kuwa mwalimu wa taaluma wa shule, cheo chenye posho ya madaraka, akasema, "Mwenye kubaki ndiye mwenye kula." Niliipokea barua ile nikijua inanitia hatiani. Ningeweza kuikataa. Sikuikataa.

Kijana aliacha kuniita dada. Mbele ya wanafunzi alinisalimu, pembeni alinipita. Mwezi wa tisa aliondoka kwenda Dar es Salaam bila kuniaga, na mimi nikabaki najiuliza swali ambalo sikumwambia mtu: je, nilimweleza ukweli ili apone, au ili asinipite?

Ikapita miaka. Kwenye chumba cha malezi hakikubadilika kitu ila idadi ya majembe. Habari za mwenzangu zilikuja vipande vipande, kama habari za watu wanaofanikiwa zinavyokuja. Kamaliza masomo. Kapata kazi kwenye mradi mmoja wa watu wa nje, unaozunguka shule za mikoa ya kusini. Siku moja alionekana Masoko ndani ya gari la mradi lenye kiyoyozi, vioo vimefungwa, na walimu walizungumzia vioo vile wiki nzima. "Si ulimkataza, wewe?" waliniuliza. Nikawajibu kwamba gari la mradi si la mtu. Walikubali kwa midomo. Kisha, baada ya miaka kama miwili, tukasikia mradi umefungwa, naye amerudi serikalini, amepangiwa shule ya Kilwa Kivinje, kufundisha hesabu, kwa mshahara wa mwalimu. Sijivunii ninachokisema sasa: siku niliyosikia hivyo nilicheka peke yangu jikoni.

Wakati huo yule binti wa kaka, mwenye maneno kuliko redio, alikuwa kidato cha pili, anaishi kwangu. Mwaka ule mama yake alifariki kule Mitole, baada ya kuugua muda mrefu. Na baada ya msiba mtoto akaacha kusema. Haikuwa ghafla. Kwanza aliacha kujibu darasani, kisha akaacha kuimba akifua, kisha nyumbani akawa anajibu kwa kichwa. Daktari hakuona kitu. Kaka alimpeleka kwa shehe akasomewa, akachangamka siku mbili, akarudi vilevile. Na mimi mwalimu wa malezi, mwenye chumba na ufunguo, nilifanya yote niliyoyajua. Nilimuuliza. Nilimshauri. Nilimnunulia gauni. Nilimgombeza, nikamwomba radhi, nikamgombeza tena. Alikuwa na jibu moja tu: "Hamna kitu, shangazi."

Mama mmoja jirani, mwenye mtoto anayesoma Kivinje, ndiye aliyeniambia kwamba wanafunzi wa kule wanamngoja yule mwalimu wa hesabu baada ya masomo ili wazungumze naye. Nikauliza anawapa nini. Mwalimu mwanamume, hana mke, watoto wa kike wanamngoja? Nilipanda gari la Kivinje siku hiyohiyo, peke yangu, nikaangalie.

Nilimkuta amekaa barazani kwenye jengo moja la zamani karibu na shule, mahali pa wazi ambapo kila mpita njia anamwona, lakini hapana anayeweza kusikia. Alikuwa amekonda. Alinyanyuka.

"Karibu, mwalimu wa taaluma."

Kijembe kile nilikistahili. Nikakaa. Na badala ya kusema kilichonileta, nikauliza kile ambacho nilikuwa nimekibeba miaka yote. "Kwa hiyo inalipa?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Ililipa. Ule mradi ulinilipa kama alivyosema yule mwenye tai, sikudanganyi. Nilimjengea mama msingi wa nyumba. Kisha asubuhi moja wakafunga ofisi, wakaondoka hadi na viti."

"Na sasa?"

"Sasa nalipwa kama wewe. Hapana, pungufu yako, wewe una posho. Na mkopo wa ada bado unanikata." Akanitazama. "Ulisema kweli siku ile. Nilijua ni kweli. Ndiyo maana nilikuchukia."

Ndipo nikamweleza habari za mtoto. Hakuuliza alianza lini, wala daktari alisemaje. Aliuliza kitu kimoja.

"Unataka aseme, au unataka ujue?"

Sikuelewa tofauti yake. Nikamwambia nitamleta Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza walikaa kwenye baraza ile, mimi nikiwa ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha muuza vitumbua, bila kuwaondolea macho. Hawakusema. Yeye alisahihisha madaftari, mtoto alitazama watu. Ya pili, vilevile. Nikawaza: hiki ndicho alichokwenda kukopea hela? Hata mimi naweza kukaa. Jumamosi ya tatu niliona midomo ya mtoto inacheza, maneno machache tu, na moyo wangu badala ya kufurahi ukaingia wasiwasi. Anamwambia nini? Anaulizwa nini? Ya nne nilishindwa kujizuia. Nilizunguka nyuma ya jengo, nikabana ukutani kwenye pembe ya baraza, nikatega sikio kama mwizi. Nilichosikia ni sauti ya kijana, taratibu, bila kugeuza shingo:

"Mwalimu, nenda sokoni kidogo."

Nikaenda sokoni, mtu mzima mimi, nikanunua dagaa nisiowahitaji.

Hakuniambia chochote, wiki hiyo wala iliyofuata. Nilimbana. Nilimwambia mimi ndiye mlezi wake, nina haki. Alitikisa kichwa tu. Nikaanza kuamini kwamba ananilipizia, kwamba kule kunyamaza kwake ni kisasi, na nikakata shauri Jumamosi inayofuata simpeleki mtoto.

Kabla ya Jumamosi hiyo kufika, tulikuwa tunakula mchana, mtoto akatema tonge pembeni ya sahani.

"Shangazi, chumvi imezidi."

Niliacha kutafuna. Lilikuwa neno lake la kwanza mezani kwa miezi. Nikasema, kweli, imezidi. Nikafunga mdomo. Ilinichukua nguvu zangu zote. Nilikuwa na maswali kumi na sikuuliza hata moja. Tukaendelea kula ile mboga ya chumvi, kimya, mpaka akasema mwenyewe.

"Siku ile ulijua tangu asubuhi."

Nilijua alikuwa anasema siku gani. Habari ya kifo cha mama yake ilinifikia kwa simu alfajiri. Mtoto alikuwa na mtihani wa majaribio siku hiyo, wa mwisho. Nikaona nimwache amalize, ndipo nimwambie. Alipotoka kwenye mtihani nilimwambia, tukapanda gari, na tulipofika Mitole watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakinawa mikono. Hakumwona mama yake. Mimi nilikuwa nimeiweka ile siku kwenye fungu la wema niliomtendea.

"Ulinipa peni," akasema. "Ulinitakia kila la heri. Na ulijua."

Zamani ningejitetea. Ningemweleza umuhimu wa ule mtihani, na kwamba maiti haingoji. Nilimwambia, "Nilijua. Nilikukosea." Akalia, nami nikalia, chakula kikapoa.

Nilikwenda Kivinje na debe la ufuta kutoka kwa kaka, nikamkuta kijana anafua shati. "Ulijua kwamba mkosaji ni mimi," nikamwambia. "Nilikutukana moyoni wiki zote zile, na wewe unajua. Kwa nini hukuniambia?"

"Halikuwa langu la kukuambia," akasema. Akapokea debe, akashukuru.

Nilimrudishia mkuu ufunguo wa chumba cha malezi wiki hiyo. Nilimwomba aandike barua yule kijana ahamishiwe kwetu aifanye kazi hiyo. Mkuu aliuliza ataongezewa nini, nikasema hapana cha kumwongeza. "Basi atakubali kwa nini?" akasema, akafungua faili jingine.

Hakuja kwetu. Mwaka uliofuata shule moja ya binafsi huko Dar es Salaam, ya watoto wenye wazazi wa magari, ilimwita awe mshauri wa wanafunzi, hilo tu, bila kipindi hata kimoja cha hesabu. Kule kilikuwepo kitabu cha mishahara chenye jina la kazi yake. Watoto wa Kivinje waliomngoja barazani walibaki bila mtu. Nilitaka kumlaumu. Nikakumbuka ule msingi wa nyumba ya mama yake, unaoota majani, nikashindwa.

Tulimsindikiza hadi Nangurukuru kupanda basi, mimi na binti yangu, maana siku hizo nilishaanza kumwita binti yangu. Walikuwa wanazungumza wao kwa wao, mimi nikilinda mizigo. Basi lilipotokea, mtoto akamuuliza waziwazi, mbele za watu:

"Mwalimu, huko watakulipa shilingi ngapi?"

Nikamfinya. Swali hilo halina adabu, na mimi ndiye niliyekuwa nakufa kwa kulitaka jibu lake. Yule kijana hakukasirika. Aliinama, akaweka kiganja sikioni kwa mtoto, akamnong'oneza. Mtoto akakodoa macho, akaitikia kwa kichwa kwa uzito, kama mtu mzima aliyekabidhiwa amana. Kisha kondakta akapiga bati, basi likaondoka.

Tulipokuwa njiani kurudi Masoko nilivumilia kidogo, kisha nikashindwa.

"Kakwambia ngapi?"

Akageukia dirishani, na nikaona anajizuia kucheka.

"Kaniambia mimi, shangazi."